Disiki moja ao mbili? Pahali salama pa hesabu za koperative

Katika koperative nyingi za kahawa na kakao za mashariki mwa Congo, daftari la kununulia limekwisha kuingia ndani ya kompyuta. Mle ndani muko majina ya wanamemba, kilo ambazo kila mmoja alileta ku kituo cha kuosha, avansi aliyopewa, na malipo ya mwisho wa msimu anayongojea. Siku ile disiki ya kompyuta inakufa, kahawa bado iko ndani ya depo, lakini hakuna tena mtu anayeweza kuonyesha ni ya nani. Ugomvi unaanzia pale.

Tena kuna jambo lingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya mazao yasiyotoka kwa kukata misitu inataka kahawa na kakao zifuatwe mpaka ku shamba zilikotoka. Shamba lisilopita hekta 4 linahitaji alama moja ya GPS; lile linalopita pale linahitaji kuzungukwa lote. Kazi ile inafanywa kwa mguu, mlima kwa mlima. Ikipotea, ni kurudilia yote.

Basi, wandugu, mbele ya kununua kompyuta tuzungumze juu ya disiki. Muuzaji anaweza kuwapa chaguo mbili: kompyuta yenye disiki moja chotara, ao kompyuta yenye SSD ndogo na disiki kubwa pembeni. Ya kwanza inaonekana ni ya akili, sababu ni kitu kimoja kinachofanya kazi mbili. Tuone kama ni hivyo kweli.

Disiki ngumu na SSD

Disiki ngumu ya kawaida ina sahani ndani, zinazozunguka mara 5,400 ao 7,200 kwa dakika. Juu ya sahani kunapita kichwa kinachosoma na kuandika, karibu sana, hata unywele hauwezi kupita katikati. Ni kama karani mwenye depo kubwa: vitu vingi vinaingia kwa bei ndogo, lakini kila mukiomba kitu anapaswa kutembea kwenda kukitafuta. Na sababu kuna kitu kinachozunguka, haipendi kutikiswa ikiwa inafanya kazi. Kubeba kompyuta inayowaka juu ya pikipiki, ku barabara zetu hizi, ni kuita kichwa kigonge sahani.

SSD haina kitu kinachozunguka. Inaandika ndani ya chipu, sawa vile flashi ya USB, lakini kwa mbio na kwa nguvu zaidi. Kompyuta ya zamani iliyokuwa inawaka pole pole, ile munaweza kwenda kuchota maji na kurudi, mukiitilia SSD inawaka upesi sana. Tena SSD kwa kawaida inakula umeme kidogo, na hiyo ni faida kwa biro inayotumia pano za jua.

Ubaya wake ni miwili. Kwa ukubwa ule ule, bei yake iko juu kuliko ya disiki ngumu. Na kufa kwake mara nyingi hakupigi hodi. Disiki ngumu mara nyingi inakohoa mbele ya kufa: inalia tak-tak, faili zinachelewa kufunguka. SSD inaweza kuwa nzima jioni, na asubuhi kompyuta haiioni tena. Kutoa hesabu ndani ya SSD iliyokufa ni kazi ngumu na ya makuta mengi.

Chotara: vitu viwili ndani ya sanduku moja

Mkulima akisikia neno chotara anafikiri mbegu ya mahindi iliyochukua uzuri wa wazazi wawili. Kwa disiki si hivyo kabisa. Disiki chotara ni disiki ngumu ya kawaida, yenye sahani zake, iliyoongezewa chipu kidogo ya SSD. Mfano wake unaojulikana ni Seagate Momentus XT ya mwaka 2010: ilikuwa na gigabaiti 500 za sahani na gigabaiti 4 tu za chipu. Zile zilizofuata mara nyingi zilikuwa na terabaiti 1 ya sahani na gigabaiti 8 za chipu.

Ile chipu inafanya nini? Disiki yenyewe inaangalia vitu munavyoomba kila siku, inaweka nakala yake ndani ya chipu. Ni kama karani wetu wa depo amepata meza ndogo karibu ya mlango, ambapo anaweka vitu vinavyoulizwa mara nyingi. Nyuma ya siku chache kompyuta inaanza kuwaka kwa mbio, na programu ya hesabu inafunguka upesi. Hiyo faida ni ya kweli.

Lakini meza ni ndogo. Ninyi hamuchague kitu cha kuwekwa pale. Faili inayofunguliwa mara moja kwa mwezi, ao picha 500 za mashamba munazonakili kwa mara ya kwanza, zinatoka ku sahani kwa mwendo wa zamani. Pikipiki na mitikisiko bado ni adui, sababu sahani ziko. Na sahani zikiharibika, chipu haiwezi kuwaokolea kitu, kwani ndani yake muna vipande vipande vya nakala tu.

Tena, tangu bei ya SSD iliposhuka, chotara zimewekwa pembeni. Nyingi zinazozunguka ku soko ni ndani ya kompyuta zilizokwisha kutumika. Hamujui zimefanya kazi masaa mangapi.

Mbili mbalimbali: kila moja na kazi yake

Mkulima haweki mbegu ya msimu ujao ndani ya gunia la chakula. Anajua njaa ikija, gunia moja litaisha lote. Kwa kompyuta ni vile vile: SSD ibebe Windows, programu na kazi ya leo; disiki nyingine ibebe nakala na vitu vya zamani.

SSD ile haihitaji kuwa kubwa. Tupige hesabu. Koperative ya wanamemba 1,000, kila mmoja na picha mbili, ya uso na ya shamba, kila picha megabaiti 4: ni megabaiti 8,000, yaani gigabaiti 8. Orodha za Excel za misimu mingi hazifiki hata gigabaiti moja. Basi SSD ya gigabaiti 240 ao 256 inatosha, na Windows ndani. Makuta yanayobaki yanunue disiki ya nje ya terabaiti 1.

Kwa kompyuta ya mezani, mara nyingi kuna nafasi ya kufunga disiki mbili. Kwa laptop, muulize fundi aifungue muone: nyingine zina nafasi mbili, nyingine moja tu. Ikiwa ni moja, muweke SSD ndani, na ile nyingine iwe ya nje, ya kuchomeka ku USB. Kwa koperative hii ndiyo njia nzuri kuliko zote. Sababu gani? Disiki mbili zilizofungwa ndani ya kompyuta moja zinaibiwa pamoja. Radi ikipiga zinaungua pamoja. Ile ya nje inaweza kulala nyumba nyingine.

Kama muna chotara tayari na inafanya kazi, musiitupe. Muendelee nayo, lakini munune disiki ya nje upesi, mbele ya kufikiri kitu kingine.

Kupima mbele ya kulipa

Musilipe kwa maneno ya muuzaji. Kompyuta ikiwaka, mugandamize Ctrl, Shift na Esc pamoja, mufungue sehemu ya Performance, kisha Disk ao Disque. Kwa Windows za siku hizi pale panaandikwa kama ni SSD ao HDD, yaani disiki ngumu. Chotara kwa kawaida inajionyesha kama disiki ngumu. Kwa kuitambua musome jina lake pale juu ao ku karatasi iliyobandikwa juu yake. Herufi SSHD ni alama ya chotara. Zinafanana sana na SSD, musidanganyike.

Muangalie pia flashi na disiki za nje za bei ya ajabu. Ziko zile zinazojiita terabaiti 2 na ndani yake hamuna hata robo. Zinapokea faili zote bila kulalamika, kisha faili hazifunguki tena. Mupime hivi: muijaze na video kubwa mpaka karibu ya mwisho, muichomoe, muirudishe, mufungue zile za mwisho. Zikikataa, murudishe kitu kwa mwenyewe siku ile ile.

Kazi ya kila juma

Kununua disiki mbili bila kunakili ni kujenga ghala na kuliacha tupu. Tunashauri hivi:

1. Wakati wa kununua kahawa, karani anakili hesabu ku disiki ya nje kila jioni. Nje ya msimu, mara moja kwa juma inatosha.
2. Akimaliza, aichomoe. Disiki inayobaki imechomekwa usiku na mchana inapata radi na virusi pamoja na kompyuta.
3. Ilale kwa mtu mwingine aliyechaguliwa ku mkutano, si ndani ya biro. Iwe na neno la siri, sababu majina na malipo ya watu yako ndani.
4. Nakala ya tatu iende mbali, kwa mfano ku intaneti kila mara mukipata mtandao, ao ku ofisi ya muungano wenu.
5. Mara moja kwa mwezi, mtu mwingine asiye karani afungue faili tatu za nakala ku kompyuta nyingine. Nakala isiyofunguliwa haijulikani kama iko nzima.
6. Mwisho wa msimu, orodha ya kilo na malipo ichapwe ku karatasi na kutiwa sahihi. Karatasi haiogopi radi.

Basi kamati ikikaa kupanga bajeti, musianze na swali la mbio. Muulize hivi: disiki hii ikifa leo usiku, kesho asubuhi tutalipa wanamemba kwa kufuata nini? Kama jibu haliko, makuta ya disiki ya pili yatoke mbele ya yale ya kompyuta mpya.