Rushwa, mshirika wa waasi

Rushwa huidhoofisha serikali inayopambana na waasi hata kabla risasi haijalia: hula fedha za ulinzi, hufungua vizuizi, kisha huwafunga raia midomo. Kwa Watanzania, mfano wa karibu uko ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu za serikali ya Msumbiji, ProIndicus, EMATUM na MAM, zilikopa takriban dola bilioni 2 za Marekani, sehemu kubwa kwa siri. Zilidai zinanunua boti za uvuvi wa jodari na vyombo vya kulinda pwani. Waendesha mashtaka wa Marekani walisema angalau dola milioni 200 ziliishia kwenye hongo na migawo ya wakubwa. Siri ilipofichuka mwaka 2016, wahisani walisitisha misaada na sarafu ikaporomoka, huku boti nyingi za uvuvi zikikaa bure bandarini Maputo.

Oktoba 2017 waasi walivamia mji wa Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado, katika pwani ileile iliyodaiwa kulindwa. Agosti 2020 waliteka bandari yake, na Oktoba wakavuka mpaka kushambulia Kitaya, mkoani Mtwara. Mikopo haikuzaa uasi huo. Itikadi kali zilikuwepo, umaskini pia, na vijana wa Cabo Delgado walikwisha kuona rubi na gesi zikiwanufaisha wengine. Lakini anayewashawishi vijana hao hana haja ya kutunga uongo wakati habari za wakubwa ziko magazetini.

Nchini Kenya udhaifu ulionekana vizuizini. Sukari ya magendo kutoka Kismayu, Somalia, ambayo al-Shabaab waliitoza ushuru, ilivuka mpaka kwa hongo kwa miaka mingi. Askari anayeuza njia kwa ajili ya sukari hajui kilichofichwa chini ya magunia, na pengine hataki kujua.

Hapa Tanzania, Mlowo, wilayani Mbozi, haina vita. Ila iko kwenye barabara kuu ya kwenda mpaka wa Tunduma, na wageni hupita kila siku. Katika mji wa namna hiyo, wa kwanza kumshuku mgeni ni mwenye gesti, dereva wa bodaboda au mtendaji wa kijiji. Akiamini kwamba jina lake litauzwa kwa anayemtaja, atanyamaza. Tanzania ilitunga Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Nguvu yake hutegemea uaminifu wa ofisa anayepokea taarifa.