Masikio Yake, Fedha Yetu
Hapa kwetu Hedaru mume wangu alinunua kidude cha kugeuza muziki wa dijitali uliomo kwenye simu uweze kupigwa na spika. Fedha ya bati ndiyo iliyokwenda! "Sikia tofauti, mama." Simu nayo inacho chake ndani, sikusikia kitu. Tukanuniana siku mbili.

Kisha nikamgeuzia ukutani. Nikasawazisha sauti, maana iliyozidi hata kidogo huonekana tamu zaidi, nikabadilisha mara 10 bila kumwambia. Akapatia 5, kama kurusha shilingi!

Hayuko peke yake. Mwaka 2007 Meyer na Moran wa Marekani walilinganisha sauti ya ubora wa juu na ya kiwango cha CD: majaribio 554, waliopatia asilimia 49.8.

Kibovu kinachovuma utakisikia. Vizima viwili? Pimeni kwanza, ndipo mgombane.