Cheti cha Utumishi ni Haki ya Mfanyakazi, Hata Aliyeachana Vibaya na Mwajiri

Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji kuambatisha maelezo binafsi pamoja na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Kwa aliyeachana na mwajiri wake kwa ugomvi, sharti hilo huwa mtihani. Akimtaja, anahofia kusemwa vibaya. Asipomtaja, anahofia kuulizwa sababu. Wapo wanaofuta miaka ya kazi katika wasifu wao, na wapo wanaoacha kabisa kuomba kazi.

Hofu hiyo hupungua mwombaji anapotambua tofauti kati ya cheti cha utumishi na barua ya mapendekezo.

Cheti cha utumishi ni haki. Kwa mujibu wa kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, mwajiri anawajibika kumpatia mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma. Wajibu huo hautegemei kama wawili hao waliagana kwa wema. Barua ya mapendekezo, kwa upande wake, ni hiari ya mwandishi: sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kumsifu mtu.

Mfanyakazi aliyenyimwa cheti anashauriwa kukiomba kwanza kwa maandishi na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Akiendelea kunyimwa, anaweza kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi mikoani. Muda ni jambo la kuzingatia: mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi hufikishwa ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma, na migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ilipoanza. Anayechelewa hulazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za msingi.

Kuhusu wadhamini, si lazima awe mkurugenzi au mmiliki. Msimamizi wa karibu, mkuu wa kitengo aliyekwisha kuhamia kwingine, mteja aliyehudumiwa kwa muda mrefu au mhadhiri wa chuo anaweza kuwa shahidi mzuri zaidi, kwa kuwa aliiona kazi yenyewe. Kila mdhamini aombwe ridhaa mapema na aelezwe nafasi inayoombwa, asije akashtukizwa kwa simu.

Katika usaili, swali kuhusu mwajiri wa zamani lijibiwe kwa ufupi na ukweli: kazi iliyofanyika, sababu ya kuondoka na kinachotafutwa sasa. Kumlaumu mwajiri mbele ya jopo humpunguzia mwombaji heshima, hata kama ana haki. Aidha, kubuni barua ya mdhamini au kughushi sahihi yake ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Iwapo mwajiri wa zamani anahifadhi au kusambaza taarifa zisizo za kweli, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mhusika haki ya kutaka zirekebishwe. Asiporidhika, anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wananchi wanakumbushwa kutunza mikataba, barua za ajira na hati za mishahara, kwani ndizo zinazothibitisha utumishi wao pale mwajiri anapokataa kuzungumza.