Rimu mpya: Pima kwanza, urembo baadaye

MADEREVA wengi huondoa rimu zilizotoka kiwandani na kufunga nyingine zinazometameta ili gari lipendeze. Hata hivyo, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Gurudumu lisilooana na gari laweza kuchomoka, na likichomoka halichagui abiria wala mpita njia.

Kosa la kwanza ni kuhesabu mashimo ya rimu pasipo kuyapima. Toyota Noah na magari mengi ya Mercedes-Benz yana bolti tano kila gurudumu. Lakini duara la bolti za Noah lina kipenyo cha milimita 114.3, ilhali la Mercedes ni milimita 112. Fundi akilazimisha, nati zitaingia, ila bolti zitapinda na hatimaye kukatika.

Kosa la pili ni kupuuza tundu la katikati. Rimu nyingi za madukani huwa na tundu pana, mara nyingi milimita 73.1, ili zitoshee magari ya aina mbalimbali. Kitovu cha Toyota nyingi ndogo kina milimita 54.1. Pengo hilo lisipozibwa kwa pete maalum, gurudumu laweza kuegemea upande mmoja na usukani ukatetemeka. Wengi hulaumu balansi ya matairi bure.

Tatu, nati hazifanani. Za Toyota na zile za Nissan nyingi zina unene wa milimita 12, lakini nafasi kati ya hesi ni milimita 1.5 kwa Toyota na 1.25 kwa Nissan. Ukichanganya, hesi huharibika. Vilevile, baadhi ya rimu asilia za Toyota hutumia nati zenye kitako bapa, ilhali nyingi za dukani huhitaji zenye umbo la pia. Nati isiyokaa sawasawa hulegea.

Nne ni kipimo cha tairi. Gari lililokuwa na tairi la 195/65R15 likiwekwa 215/45R17, kimo cha gurudumu hakibadiliki sana. Likiwekwa 215/55R17, gurudumu hukua kwa asilimia tano hivi: kipimamwendo kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda 84. Isitoshe, tairi laweza kukwaruza fenda usukani unapokatwa.

Mwisho ni ufungaji wenyewe. Kutu iondolewe kitovuni, kisha nati zikazwe kwa mfuatano wa nyota, si kwa kuzunguka. Fundi asiikanyage spana kwa mguu; atumie spana yenye kipimo cha nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

Baada ya kilomita 100 hivi, nati zikaguliwe tena. Nazo zile za awali zisitupwe, kwani gurudumu la akiba huenda likazihitaji.