Kunde 41 za Nunavut

Paukwa! Pakawa!

Leo sungura na fisi wapumzike. Nileteeni huo ungo, wajukuu zangu. Kunde nimeshazichambua, na kabla hazijaingia chunguni tutazitumia kuhesabia kura. Kura za wapi? Za Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako mwezi wa Aprili bahari bado ni barafu ngumu na watu hupita juu yake.

Kwanza tupime ukubwa. Chukueni Tanzania, mwongeze Kenya na Uganda, halafu Rwanda na Burundi. Ziungeni zote ziwe shamba moja. Nunavut bado inazishinda: ina kilomita za mraba zipatazo milioni 2. Sasa tuwahesabu watu wake. Sensa ya mwaka 2021 iliwakuta 36,858. Wote wangeingia Uwanja wa Mkapa pale Dar es Salaam, na viti vingi vikabaki vitupu.

Eneo hilo zima ni jimbo moja la uchaguzi, lenye mbunge mmoja tu katika Bunge la Kanada kule Ottawa. Kwa wastani, mbunge mmoja Kanada huwakilisha watu zaidi ya 100,000. Kama vichwa tu ndivyo vingehesabiwa, Nunavut isingefikia hata nusu ya jimbo la kawaida. Lakini sheria inasema kila moja ya maeneo matatu ya kaskazini lazima liwe na mbunge wake, watu wawe wengi au wachache.

Haya, tutandaze kunde mkekani. Nunavut ina miji na vijiji 25, kwa hiyo wekeni kunde 25. Msizibananishe! Moja iwe karibu na goti langu: hiyo ni Iqaluit, makao makuu. Nyingine ipelekeni kule mlangoni: hiyo ni Grise Fiord, kijiji cha kaskazini kuliko vyote, chenye watu 144 kwa sensa ileile. Kutoka hapa gotini hadi kule mlangoni ni kama kilomita 1,500. Na hakuna barabara inayounganisha kijiji na kijiji. Hakuna basi wala bodaboda. Watu husafiri kwa ndege, na mizigo mikubwa huja kwa meli katika kiangazi kifupi, barafu inapoachia. Hata saa haziko sawa: Iqaluit ikiwa saa nane mchana, Rankin Inlet ni saa saba, na Cambridge Bay ndiyo kwanza saa sita.

Sasa jifanyeni wagombea. Mwaka 2025 kampeni ilichukua siku 37 tu. Nauli ya ndege ni kubwa, na tufani ya theluji ikianza, rubani haruki. Unaweza kukwama kijiji kimoja huku vingine vinakungoja. Kwa hiyo redio ya kijiji ni rafiki mkubwa wa mgombea. Watu husikiliza wakiwa nyumbani, wakapiga simu na kuuliza, wengi kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuiti. Huulizia nyumba, kwa kuwa ni chache na familia zinabanana humo huku kuvu ikitambaa ukutani. Huulizia pia bei ya chakula kinachosafirishwa kutoka mbali.

Kura yenyewe hawakupewa kirahisi. Mwaka 1934 sheria ya Kanada iliwanyima Wainuiti haki ya kupiga kura. Walirudishiwa mwaka 1950, lakini haki bila sanduku ni sawa na chungu bila moto: katika vijiji vingi vya mashariki, masanduku ya kura yalifika mwaka 1962. Na hicho kijiji cha mlangoni, Grise Fiord, kilianzaje? Mwaka 1953 serikali ilizihamisha familia za Wainuiti kutoka kusini zaidi na kuzipeleka huko kwenye baridi kali. Mwaka 2010 serikali ikawaomba radhi. Mwinuiti wa kwanza kuingia Bungeni, Peter Ittinuar, alichaguliwa mwaka 1979. Baadaye, mwaka 2019, Nunavut ilimtuma Bungeni binti wa miaka 25, Mumilaaq Qaqqaq.

Sasa tufike kwenye kinyang'anyiro. Mwaka 2021 Lori Idlout, mwanasheria wa chama cha NDP, alishinda kwa zaidi ya kura 800. Tarehe 28 Aprili 2025 aliomba kura tena, na waliompinga walikuwa Kilikvak Kabloona wa chama cha Liberal na James Arreak wa chama cha Conservative. Siku hiyo kule Grise Fiord jua halikuzama. Mpiga kura akapewa karatasi na penseli, akaenda nyuma ya kizuizi, akatia alama kwenye duara jeupe mbele ya jina alilolitaka, akaikunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni. Anayeongoza ndiye anayeshinda, kama kwenye majimbo yetu.

Idlout alishinda. Kwa kura ngapi? Hesabuni kunde 41, mnitilie kiganjani. Mnaona? Ngumi inafunga.

Anayesema Idlout alimzidi Kabloona kwa watu 41 amesema kweli, ila hajamaliza hesabu. Tengenezeni mafungu mawili, moja lizidi jingine kwa kunde 41. Toeni kunde moja kwenye fungu kubwa, mtie kwenye dogo. Imebaki tofauti gani? 39! Kunde moja imehama, tofauti imepungua kwa mbili. Endeleeni. Mkifika kunde ya 21, fungu dogo limekuwa kubwa. Watu 21 wangebadili mawazo, mbunge angekuwa mwingine. Na vijiji ni 25! Hata mtu mmoja kwa kila kijiji asingehitajika.

Na kiti hicho hakikuwa kidogo. Katika Bunge la viti 343, Liberal walipata 169, wakapungukiwa vitatu tu kuwa na wingi wa kutawala peke yao. NDP walibaki na viti 7, na Nunavut ilikuwa kimojawapo.

Kwa hiyo mgombea anayesema kijiji fulani kiko mbali mno, watu wake wachache mno, hakuna haja ya kukifikia, hajawahi kuhamisha kunde kutoka fungu hadi fungu.

Haya, maji yanachemka. Zikusanyeni zote. Wewe mdogo, kimbia mlangoni uilete ile ya Grise Fiord. Nayo inaingia chunguni.