Chakula cha Simbilisi

Ninyi mnaofuga simbilisi jikoni huku Kivu, mnawalisha nini? Wengine huwatupia maganda ya ndizi na mahindi kidogo, basi. Hayo hayatoshi.

Mbuzi hujitengenezea vitamini C mwilini mwake. Simbilisi hawezi, wala sisi watu hatuwezi. Mwaka wa 1907 waganga wawili wa Norway, Holst na Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka na mkate tu, nao wakapata kiseyeye, ugonjwa uleule wa mabaharia wa zamani. Baada ya majuma mawili au matatu viungo huanza kuvimba, mnyama hataki kutembea, halafu hufa. Msiseme jirani ameloga! Amekosa majani mabichi.

Mpeni nyasi nyingi asubuhi na jioni, maana meno yake hayaachi kukua, na kutafuna nyasi huyapunguza. Ongezeni matembele. Nyasi zenye umande zianikeni kwanza, zisimvimbishe tumbo. Majani ya viazi vya Kizungu na ya avoka yana sumu, msimpe kamwe. Na maji safi yawepo kila siku, hata kama wazee husema simbilisi hanywi.