Kuhesabu kwa Faharasa

Katika kurasa za mwisho za vitabu vikubwa huwamo faharasa, yaani orodha ya maneno na namba za kurasa yalimo. Mtu atakaye habari za kahawa hana haja ya kusoma kitabu kizima. Mitambo ya kompyuta ya kutafutia maandishi hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Programu iitwayo Lucene, aliyoianza Doug Cutting, hutengeneza faharasa ya namna hii, na juu yake Shay Banon alijenga Elasticsearch, iliyotolewa mwaka 2010.

Lakini faharasa si ya kutafutia tu. Yafaa pia kwa kuhesabu. Ikiwa mbele ya neno kahawa pameandikwa kurasa 40, hesabu imekwisha patikana bila kufungua ukurasa hata mmoja. Tena mitambo hii huweka bei au tarehe ya kila hati katika safu, kama daftari la duka, ili kujumlisha kuwe kwepesi.

Hati zikiwa mamilioni, hugawanywa vipande, kila kipande na faharasa yake, vikawekwa katika kompyuta mbalimbali. Mtu aweza kuzihamisha hati zote zikahesabiwe mahali pengine, lakini huo ni mzigo mkubwa. Ni afadhali swali lisafiri. Kila kompyuta huhesabu zilizo kwake, na moja hukusanya majibu. Hata wastani hupatikana, mradi kila kompyuta ilete jumla na idadi, wala si wastani wake.

Hatari huja tuulizapo kilicho kingi kuliko vyote. Tuseme mfanyabiashara ana hati za mauzo katika kompyuta tatu, ataka bidhaa mbili zilizouzwa mara nyingi zaidi, na kila kompyuta yaleta majina mawili tu. Ya kwanza ina kahawa 12, pamba 9, chai 8. Ya pili ina sukari 11, tumbaku 9, chai 8. Ya tatu ina mahindi 10, mchele 9, chai 8. Ataambiwa kahawa na sukari ndizo za mbele, naye ataagiza hizo. Kumbe chai imeuzwa mara 24! Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba hizo hazikuletwa.

Kwa sababu hiyo Elasticsearch, isipoamriwa vingine, hudai kila kipande kilete majina zaidi: idadi itakiwayo mara moja na nusu, na 10 juu yake. Kwa majina mawili hudai 13, na hapo chai ingeonekana. Tena hutaja kiasi ambacho hesabu yaweza kukosea. Njia nyingine ni kugawa hati kwa jina la bidhaa tangu mwanzo, chai yote ikae pamoja.

Basi, ndugu msomaji, uletewapo orodha ya vilivyo vingi, usitazame majina yaliyomo tu. Uliza pia ni mangapi yaliyoachwa njiani.